Nyumba haizami, inainuliwa: udongo wa Changamwe na nyufa za kila masika

Mlango wa shangazi yangu, kule Mikindani, Mombasa, una msimu. Mwezi wa Mei, masika yakishakolea, haufungi mpaka uutie bega. Januari, kaskazi ikivuma na uwanja umekauka, unafungika kwa kidole kimoja na juu yake unabaki mwanya wa kupita mjusi. Miaka minne mfululizo aliitwa fundi kuupiga randa. Mwaka wa tano fundi aliukagua, akautingisha, akasema: "Bi mkubwa, nikiuranda tena huu utakuwa dirisha."

Pembeni mwa mlango huohuo kuna ufa. Umeanzia kwenye pembe ya linta, ile boriti ya juu ya mlango, ukapanda mshazari kwa vidaraja, tofali kwa tofali, hadi chini ya paa. Kila anayekaa barazani ana maelezo yake. Jirani wa kushoto anasema simiti iliibiwa. Wa kulia anakumbusha kwamba kwenye ploti ile zamani palikuwa na kaburi, na wenyewe hawakuulizwa. Binamu yangu, ambaye alifika kidato cha nne na kwa hiyo ana neno la mwisho, anasema nyumba inazama.

Neno hilo la kuzama ndilo lililonikalisha kuandika. Kila mvua kubwa ikipita, picha za kuta zilizopasuka huzunguka kwenye simu kutoka Changamwe, Jomvu, Miritini na Mikindani, na maneno chini yake ni yale yale: inazama, fundi mwizi, hameni. Mafundi wezi wapo, na nyumba zinazozama zipo. Lakini nyingi katika hizi nyumba za chini, zisizo na ghorofa, za upande wa bara hazizami. Zinainuliwa. Ardhi iliyo chini yake huvimba na kuibeba kona moja, halafu kiangazi husinyaa na kuiachia. Si ubishi wa maneno tu. Anayedhani nyumba yake inazama hukimbilia kuongeza mawe na simiti, na hiyo si tiba ya kitu kinachosukuma kutoka chini kwenda juu.

Mfinyanzi na mfinyanzi

Udongo wowote ni mchanganyiko wa chembe. Zile kubwa ni mchanga. Unaziona kwa macho na unazisikia kwenye vidole. Zile ndogo kabisa, zisizofika sehemu mbili za elfu za milimita, ndizo mfinyanzi, ule wa vyungu na vyetezo. Ukilowa hunata kwenye kiatu mpaka mtu aongezeke urefu. Ukikauka huwa mgumu na kupasuka mapande.

Si kila mfinyanzi unavimba, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Upo mfinyanzi mtulivu, kaolini, ndugu wa ule unaofinyanga vikombe vya kaure. Maji hulowesha nje ya chembe zake na mambo yakaishia hapo. Upo mwingine, ukoo wa smektaiti, na maarufu wao ni montmoriloniti, aliyepewa jina la mji wa Montmorillon huko Ufaransa. Huyo ndiye hunywa maji na kutanuka. Ndiye aliyejaa katika udongo mweusi ambao mafundi wa Nairobi wanauita blakotoni, jina lililokuja na historia ya India, ambako mashamba ya pamba yalikuwa juu ya udongo mweusi wa uwanda wa Deccan.

Neno jingine moja, kisha twende. Ardhi ya juu hupata maji masika na kuyapoteza kiangazi, lakini kadiri unavyochimba ndivyo mabadiliko hayo yanavyopungua, mpaka ufike kina ambacho unyevu wake ni ule ule mwaka mzima. Sehemu ya juu inayobadilika nitaiita tabaka linalopumua. Pengine ni mita moja tu, pengine inapita mita tatu, kutegemea udongo, mvua na miti. Karibu ugomvi wote wa nyumba na ardhi hufanyika ndani ya tabaka hilo.

Bunda la manda

Mpika sambusa analijua bunda la manda. Majani membamba yamelaliana, na mkono ukiwa na maji mabaya yanagandana au yanaachana. Chembe ya mfinyanzi ni bunda kama hilo, ila jani moja unene wake ni kama sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwenye kaolini, majani yameshikana kwa nguvu na maji hayapati njia ya kuingia katikati. Kwenye smektaiti yamelaliana bila kushikana sawasawa, na kati yake mna chumvichumvi zinazovuta maji. Maji yakiingia, kila jani linasukumwa mbali na mwenzake kidogo sana. Lakini majani ni mengi mno. Gramu moja tu ya montmoriloniti, ukiweza kubandua majani yake yote ukayatandaza chini, inaweza kufunika mita za mraba 700 au zaidi. Ploti ya futi 50 kwa 100 haifiki 470. Ploti nzima imelala kwenye ncha ya kijiko, na kila mahali pana kiu.

Sasa nguvu. Usiku wa kuamkia Jumapili, mtu anayeroweka mbaazi ajaribu kuzijaza kavu kwenye chupa ya kioo mpaka mdomoni, atie maji, afunge kifuniko kwa nguvu. Asubuhi ama kifuniko kimetoka ama chupa imepasuka. Mbaazi haina ugomvi na chupa. Imevimba na haina pa kwenda. Mfinyanzi ulio chini ya nyumba una chini pagumu, pembeni ndugu zake wanaovimba vilevile, na juu pana nyumba. Kwa hiyo huenda juu.

Mtu atauliza: nyumba ya matofali na uzito wote ule, udongo utaiweza? Tupige hesabu. Ukuta wa tofali za saruji wa unene wa sentimita 20 una uzito wa kama kilo 400 kwa kila mita ya mraba. Urefu wa mita 3 kwenda juu, hiyo ni tani 1.2 kwa kila mita ya ukuta. Ongeza paa, linta, na ukuta wa chini ya ardhi, tufike tani 2 na nusu. Ikikaa juu ya zege la msingi lenye upana wa sentimita 60, ardhi inabanwa kwa tani kama 4 kwa mita ya mraba. Mfinyanzi mkali, ukizuiwa usivimbe, unaweza kusukuma kwa tani 10, 20, na hata zaidi ya hapo kwa mita hiyo hiyo. Mshindi hahitaji refa. Ndiyo maana ghorofa nzito wakati mwingine hutulia pale pale ambapo nyumba ya chini, choo cha nje au ukuta wa ua umepasuka vipande. Mwepesi ndiye anayebebwa.

Msingi wa kisiwani uliovuka Makupa

Kisiwa cha Mvita, ndicho kisiwa cha Mombasa, kimekaa juu ya matumbawe ya kale na mchanga. Matumbawe hayo yaliota baharini zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati maji ya bahari yalikuwa juu kuliko leo. Wareno walipoanza Ngome ya Yesu mwaka wa 1593, waliisimamisha juu ya mwamba huo na kuuchonga kwa sehemu uwe ukuta wenyewe. Mwamba wa matumbawe haunywi ukavimba. Maji hupita katikati yake na kushuka. Una matatizo yake, mashimo na mapango yaliyojificha, lakini hilo ni jambo la siku nyingine.

Basi ufundi wa mji huu ulizaliwa juu ya jiwe. Chimba futi mbili au tatu, gonga jiwe, mwaga zege, panda. Fundi aliyejifunza kazi Kibokoni au Majengo hana kosa. Ardhi ilimfundisha hivyo, na kuta za Mji wa Kale zinamshuhudia.

Vuka Makupa, njia inayounganisha kisiwa na bara, uende Changamwe, ukaipita Magongo mpaka Miritini na Jomvu, na chini ya miguu mambo yamebadilika. Huko mwamba ni tope la bahari la kale mno, la zama za Jura, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita, lililogandamana likawa mawe ya tabaka tabaka. Wajiolojia huyaita sheli. Msichanganye na sheli ya petroli. Wameyapa hata majina ya mitaa yetu: sheli ya Miritini, sheli ya Changamwe. Kwenye shimo jipya la ujenzi utayaona, ya kijivu, magumu, yanakwanguka kwa shoka kama mwamba wa heshima. Yaache mvuani na juani misimu michache uone. Yanachanika, yanalainika, yanarudi kuwa tope lile lile yalilotoka. Sehemu nyingi za upande huo, mfinyanzi ulio juu ni mtoto wa mwamba ulio chini.

Si kila ploti. Kuna mahali mchanga umefunika juu kwa mita kadhaa na watu hawana habari na haya, na ploti mbili zinazopakana zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa, moja iko mgongoni mwa kilima na nyingine bondeni ambako tope limekusanyika. Lakini mji ulipojaa, watu wakahamia bara, na walihama na msingi wao. Msingi wa kisiwani, futi mbili na nusu, umevushwa Makupa ukawekwa katikati kabisa ya tabaka linalopumua. Kwa maoni yangu, hilo limepasua kuta nyingi kuliko wizi wote wa simiti.

Wenyeji wa kale wa huko hawakuwa na tatizo hili. Nyumba ya fito na udongo, na makuti juu, hupinda pamoja na ardhi. Ikipata nyufa baada ya masika, watu hukandika upya na mambo yakaisha. Kukandika kulikuwa sehemu ya mwaka kama kupanda na kuvuna. Tofali na simiti havijui kupinda. Tumebadilisha nyumba bila kubadilisha msingi, halafu tunamlaumu marehemu wa kaburi.

Ufa una lugha

Laiti ardhi yote chini ya nyumba ingevimba sawasawa, nyumba ingepanda kama jahazi linavyopanda na maji kujaa, zima zima, na hakuna ambaye angejua. Jahazi huvunjika pale linapokwama mwamba mbele huku nyuma kukielea. Tatizo la nyumba ni hilo hilo. Maji hayakatazwi kuwepo; balaa ni yanapokuwa mengi upande mmoja na machache upande wa pili, au mengi leo na machache mwezi ujao.

Masika, kingo za nyumba hupata maji kwanza, kwa sababu mvua hupiga nje na ardhi ya katikati imefunikwa na sakafu. Kingo zikipanda na katikati ikabaki, ukuta hupinda kama sahani, na ufa wake huwa mpana chini na mwembamba juu. Kiangazi kikifika, kingo hukauka na kusinyaa, lakini katikati, chini ya sakafu ambako jua halifiki, unyevu umenasa. Sasa nyumba imekaa kama juu ya mgongo wa ngamia, ncha zinaning'inia, na ufa hupanuka juu. Injinia akitazama ufa huuliza kwanza umepanuka wapi, kwa sababu hiyo. Nyufa za mshazari kwenye pembe za milango na madirisha ni kwa kuwa ukuta huachia mahali ulipotobolewa. Mlango kugoma ni fremu iliyokwisha kuwa mshazari. Mlango wa shangazi yangu ulikuwa unatoa ripoti bure kila mwaka, na sisi tukaulipia fundi aunyamazishe.

Ufa wa nywele kwenye plasta, usiofika milimita moja, mara nyingi ni plasta yenyewe kukauka vibaya. Usikose usingizi. Ufa unaopenya ukutani na kupita milimita 5 unastahili kuangaliwa na anayejua. Ukifika kidole kuingia, milimita 15 hadi 25, au ukuta umeacha timazi, au linta imeachana na tofali zake, usingoje msimu mwingine. Na ufa unaopanuka na kujibana kufuata mvua ni tofauti na ufa unaopanuka tu bila kurudi. Wa kwanza ni udongo unaopumua. Wa pili unaweza kuwa kuzama kweli: kifusi ambacho hakikushindiliwa, shimo la zamani la choo lililozibwa juu juu, bomba linalokomba mchanga chini.

Barazani husemwa mengi

Husemwa udongo mweusi ni mbaya na mwekundu ni salama. Sisi watu wa pwani tumezoea kuuita udongo kwa rangi, ndiyo tukawa na mahali paitwapo Dongo Kundu. Wekundu ni kutu ya chuma tu; haikuambii majani ya bunda yameshikana au la. Weusi pia si ushahidi. Mfinyanzi wa kijivu au wa manjano uliotoka kwenye sheli unaweza kuvimba kuliko mweusi wa bondeni.

Husemwa ongeza simiti. Simiti hufanya zege lisipondeke, haifanyi lisipindwe. Kinachosaidia zege kuvumilia kupindwa ni vyuma, vilivyowekwa juu na chini, kwa sababu ardhi hii leo inapinda hivi, kesho vile. Nimeona mikanda ya msingi yenye vyuma chini tu, kana kwamba nyumba itashuka milele na haitapanda.

Husemwa mvua ndiyo adui. Waulize watu wa London. Kiangazi kikali cha mwaka wa 1976 kiliukausha mfinyanzi wa mji huo, na nyumba nyingi sana zikapasuka bila tone la mvua. Marekani nako, mwaka wa 1973, wahandisi Jones na Holtz walikadiria kwamba udongo unaovimba uliwagharimu watu dola bilioni 2.3 kwa mwaka, kuliko mafuriko, tufani na matetemeko ya ardhi. Hayo hupiga kelele. Udongo hufanya kazi yake kimya.

Husemwa pia: toa udongo mbaya kwenye mtaro, jaza kifusi cha matumbawe, basi. Hili lina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayouma. Kifusi cha matumbawe hupitisha maji. Ukichimba mtaro ndani ya mfinyanzi ukaujaza kifusi, umejenga birika. Mvua ikinyesha, maji ya uwanja mzima hukimbilia humo, hukaa, na kuunywesha mfinyanzi wa pembeni na chini taratibu, mahali pale pale penye ukuta wako.

Kabla ya kuchimba

Kipimo cha kwanza ni cha bure. Tembea mtaani kiangazi. Ardhi ina nyufa za kuingiza vidole? Kuta za ua za majirani zimesimama au zinaamkiana? Muulize mwenye nyumba ya karibu kama milango yake ina msimu.

Kipimo cha pili ni cha bilauri. Chimba uchukue udongo wa kina cha mita moja au moja na nusu, usichukue wa juu wenye majani na takataka. Ukaushe, uuponde, uuchekeche kwa chekecheke laini la unga. Chukua bilauri iliyonyooka, tia unga huo ufike sentimita 2 bila kuushindilia, pima kwa rula. Kisha jaza maji polepole, koroga kidogo mapovu yatoke, uache siku nzima utulie. Ukisimama karibu na pale pale, una bahati. Ukifika sentimita 3, umeongezeka nusu yake. Kuwa na tahadhari. Ukifika 4, umejizidisha mara mbili, na hapo usimwage hata toroli moja la zege kabla ya kuonana na injinia. Maabara hufanya kipimo cha namna hii kwa chupa yenye alama, na kuongezea vipimo alivyoanzisha mkemia Msweden Albert Atterberg mwaka wa 1911: udongo unaanza kufinyangika ukiwa na maji kiasi gani, na unaanza kutiririka ukiwa na kiasi gani. Umbali kati ya hizo namba mbili ukiwa mkubwa, mfinyanzi ni mlafi. Bilauri yako haiwezi kuchukua nafasi ya maabara. Kazi yake ni kukuambia kama nauli ya kwenda maabara ina maana.

Njia za kujenga zipo kadhaa na zote zina fikra moja: ama uliepuke tabaka linalopumua, ama uelee juu yake, ama ulitulize. Kuliepuka ni kupeleka msingi chini yake, kwa mtaro wa kina kirefu au kwa nguzo za zege zilizochimbiwa, huku mkanda wa juu ukiachiwa nafasi tupu chini yake ili udongo uvimbe bila kuugusa. Wengi wanaochimba kwenda chini husahau sakafu. Kuta zinakaa imara juu ya nguzo, na sebule katikati inaota kilima.

Kuelea ni slabu moja nzima yenye mbavu na vyuma vya kutosha, jahazi lile la mfano wetu. Inakula chuma, na lazima iandikwe na injinia, si kukisiwa na mtu aliyeona ya jirani. Kwa nyumba ya chini kwenye ploti ndogo ya upande wa Changamwe, naona mara nyingi ndiyo busara kuliko zote.

Kutuliza kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuutoa mfinyanzi wote chini ya nyumba na mita moja zaidi pembeni, kurudisha muramu usiopitisha maji ovyo, ukishindiliwa kwa matabaka ya sentimita 15. Ya pili ingewafurahisha wazee wetu waliochoma matumbawe tanuuni: chokaa. Chokaa ikichanganywa na mfinyanzi, kati ya asilimia 3 na 8 ya uzito wake mkavu, hubadilisha zile chumvi kati ya majani ya bunda, majani yakashikana na kiu ikapungua. Baadaye mchanganyiko huanza kugandamana polepole kama jiwe hafifu. Sharti ichanganywe kweli, kwa jembe au mashine, na kushindiliwa. Kunyunyiza juu juu ni kupaka ardhi poda. Na chokaa mbichi huunguza macho na ngozi. Mfanyakazi bila glavu na miwani ataumia.

Na aliyekwisha jenga

Wengi wanaosoma hapa wamo ndani ya nyumba tayari, na hawana pesa za kuchimbia nguzo. Habari njema ni kwamba kazi kubwa ni ya maji, na maji yanaelekezeka.

Mombasa tuna ugonjwa wetu wa pekee: tanki. Maji ya mfereji huja kwa zamu, mara nyingi usiku, kwa hiyo kila nyumba ina tanki la plastiki kwenye kona, na maji yakija saa tisa wenyewe wamelala. Linajaa, linafurika, linamwaga pale pale kwenye pembe ya msingi, hadi alfajiri. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, mwaka mzima. Kona ile ina masika yake binafsi. Ndivyo ilivyokuwa kwa shangazi: ufa wote ule ulikuwa hatua nne kutoka kwenye tanki, na hakuna aliyewahi kuviunganisha viwili hivyo. Boya la kufunga maji tanki likijaa ni kitu kidogo, ukubwa wa kazi yake huwezi kuuamini.

Baada ya tanki, paa. Mji huu hupata zaidi ya milimita 1000 za mvua kwa mwaka, na Mei ndiyo huongoza. Paa la mita za mraba 80 lisilo na mfereji hutiririsha lita 80,000 kwa mwaka kwenye mstari mwembamba kando ya msingi. Weka mifereji, yapeleke maji mbali au kwenye tanki. Kisha mwaga mkanda wa zege kuzunguka nyumba, upana wa mita moja au moja na nusu, ukiinama kwenda nje, ili ardhi ya ukingoni isilowe wala isikauke haraka. Shimo la maji ya bafu lisiwe dirishani. Bomba linalovuja chini ya sakafu litafutwe hata kama bili ni ndogo.

Miti ni habari ndefu, na mwarobaini ndio mpendwa wetu. Mti mkubwa kiangazi hunyonya maji chini ya nyumba na kuishusha kona. Kanuni ya kawaida ni kuupanda mbali kwa umbali usiopungua kimo chake ukikomaa. Lakini ukiwa tayari mkubwa, na ulikuwapo kabla ya nyumba, usiukate kwa hasira. Ardhi iliyonyonywa miaka ishirini, mnywaji akiondoka, huanza kurudisha maji na kuvimba, na inaweza kuendelea kwa miaka. Upunguze matawi kidogo kidogo, na uulize kwanza.

Ufa usizibwe mara moja. Ukiuziba ukiwa umepanuka, kwa simiti ngumu, msimu ukigeuka ukuta hauna pa kurudi, utapasuka pembeni yake, kisha fundi atakuambia amekosea plasta. Chora alama mbili za penseli, moja kila upande, pima kati yake kwa rula, andika tarehe ukutani. Rudia kila mwezi kwa mwaka mmoja. Mwaka huo wa penseli una thamani kuliko maneno ya baraza zima, na injinia ukimwita atakushukuru.

Ukuta wa shangazi sasa umejaa tarehe kama kalenda. Februari ya mwaka wa kwanza ufa ulikuwa milimita 3, Mei ukafika milimita 6. Boya likatiwa, mfereji wa paa ukafungwa, mkanda wa zege ukamwagwa upande wa tanki tu kwa sababu pesa ziliishia hapo. Mei iliyofuata, milimita 4. Jirani wa kulia bado anataka kaburi lisomewe, na shangazi alikubali, kwa kuwa hitma haidhuru msingi. Mlango haujarandwa tena. Masika unagoma, lakini sasa kwa kiganja, si kwa bega.